HIROBUMI DAIMATSU: AFISA WA VITA ALIYEWAONGOZA WASICHANA WA KIWANDA HADI MEDALI YA DHAHABU

Makocha walioshinda vikombe ni wengi, lakini ni wachache ambao maisha yao yafaa kusomwa katika makambi ya jeshi na vituo vya polisi. Mmoja wa hao wachache ni Hirobumi Daimatsu wa Japani. Katika ujana wake alikuwa afisa wa jeshi lililoshindwa vibaya kuliko majeshi mengi ya karne iliyopita. Katika utu uzima wake aliwafundisha mpira wa wavu wasichana wa kiwanda cha nyuzi za pamba, akawafanya wasishindike duniani. Njiani kutoka huko hadi huku alikutana na swali ambalo kila mwenye cheo hulikuta siku moja: mkubwa aweza kudai kiasi gani kutoka kwa walio chini yake, na haki hiyo ya kudai huipata wapi?

Kuzaliwa kwake na vita vya Burma

Daimatsu alizaliwa tarehe 12 Februari 1921 huko Utazu, katika mkoa wa Kagawa, kwenye kisiwa cha Shikoku. Alisoma katika chuo cha Kwansei Gakuin, na huko akacheza mpira wa wavu. Mwaka 1941 aliajiriwa na Nichibo, kampuni kubwa ya kusokota pamba. Lakini mwaka huo ndio Japani ilioingia vitani na Marekani na Uingereza, na kijana huyo hakukaa sana ofisini. Aliitwa jeshini, akapewa cheo cha afisa na askari wa kuongoza, na mwisho akajikuta katika misitu ya Burma.

Mwezi Machi 1944 Jeshi la 15 la Japani, chini ya Jenerali Renya Mutaguchi, lilivuka mto Chindwin kwenda kuteka mji wa Imphal nchini India. Askari wake walikuwa wapata 85,000. Mpango wenyewe ulisimama juu ya dhana moja, nayo ni kwamba askari wangebeba chakula cha majuma machache tu, kisha wangekula katika maghala ya Waingereza watakayoyateka. Maghala hayo hayakutekwa. Mvua za masika zilianza, njia zikageuka matope, na chakula, risasi na dawa zikakatika. Kwa muda mrefu makao makuu ya Mutaguchi yalikuwa mbali kabisa na mstari wa mapambano, na amri zilizotoka huko zilikuwa za kusonga mbele tu. Makamanda wote watatu wa divisheni zake waliondolewa madarakani vita vikiendelea. Mmoja wao, Jenerali Kotoku Sato, aliwarudisha nyuma askari wake kutoka Kohima bila ya kupewa amri, kwa sababu walikuwa wakifa kwa njaa.

Amri ya kurudi ilipotolewa mwezi Julai, ilikuwa imechelewa mno. Zaidi ya watu 50,000 wa jeshi hilo walikuwa wamekufa, kujeruhiwa au kupotea, na wengi wa waliokufa hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na njaa, malaria na kuhara damu, miili yao ikabaki kando ya njia walizorudia. Daimatsu alikuwa miongoni mwa waliotoka hai. Vita vilipokwisha mwaka 1945 alikuwa mfungwa wa Waingereza huko Burma, akafanya kazi za mateka kabla ya kurudishwa kwao.

Hapa msomaji wa Afrika Mashariki na akumbuke jambo moja. Waliowafuata Wajapani hao walipokuwa wakirudi nyuma walikuwa ni ndugu zetu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye vikosi vya KAR kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliingia katika bonde la Kabaw mwezi Agosti 1944, mvua ikinyesha, ikapigana ikiteremka hadi Kalewa, ambako ilifika mwezi Desemba. Wazee wetu waliorudi kutoka Burma walisimulia matope yale, homa zile, na maiti za adui zilizokutwa bila jeraha. Njia ile waliyoipita wakisonga mbele ndiyo waliyoipita Wajapani wakikimbia. Kwa hiyo shule aliyosomea Daimatsu si shule ya mbali kwetu, kwa maana babu zetu waliiona kwa macho yao.

Kiwanda cha Kaizuka

Japani aliyoirudia Daimatsu ilikuwa nchi ya majivu. Miji ilikuwa imechomwa na watu walikuwa na njaa. Viwanda vya nguo ndivyo vilivyokuwa miongoni mwa vya kwanza kuinuka, na vilitegemea kazi ya wasichana waliotoka mashambani, waliolala katika mabweni ya kampuni. Ili kuwapa wasichana hao burudani na kuipatia kampuni sifa, viwanda vingi viliunda timu za michezo. Daimatsu alirudi Nichibo, na kampuni hiyo ilipoamua mnamo 1953 na 1954 kuunganisha nguvu zake katika timu moja ya wanawake kwenye kiwanda chake cha Kaizuka, karibu na Osaka, ndiye aliyekabidhiwa kazi ya kuifundisha.

Yeye hakuwa kocha wa mshahara wa ukocha. Alikuwa mfanyakazi wa ofisi kama wafanyakazi wengine, na wachezaji wake nao walikuwa wafanyakazi. Asubuhi kila mmoja alikuwa kazini kwake. Alasiri, kazi ilipokwisha, wote waliingia katika ukumbi wa michezo, na humo walikaa mpaka usiku wa manane, na mara nyingi kupita hapo. Kesho yake asubuhi walikuwa tena kazini. Haya hayakuwa mazoezi ya juma moja kabla ya mashindano. Yalikuwa maisha yao mwaka mzima, mwaka baada ya mwaka.

Matunda hayakukawia. Kabla ya miaka mitano kutimia, timu ya Kaizuka ilikuwa imeyatwaa mashindano makubwa ya Japani. Kisha, kuanzia 1959, ilianza safari ya ushindi isiyo na mfano: michezo 258 mfululizo bila kushindwa, hadi ilipofungwa na timu ya Yashica mwezi Agosti 1966, wakati Daimatsu alikuwa amekwisha kuondoka.

Kutoka watu tisa hadi watu sita

Lakini kuwa bingwa wa Japani hakukutosha. Wakati huo Wajapani, kama nchi nyingine za Asia, walicheza mpira wa wavu wa watu tisa kila upande, na kila mchezaji alikaa mahali pake mchezo mzima. Ulaya na Amerika walicheza kwa watu sita wanaozunguka nafasi. Katika mchezo wa watu tisa, mtu mfupi mwenye kujua kupokea aweza kukaa nyuma daima, na mrefu akakaa mbele ya wavu daima. Katika mchezo wa watu sita kila mtu atafika mbele na kila mtu atafika nyuma, wala hapana pa kuficha udhaifu. Askari ataielewa haraka tofauti hii, kwa kuwa ndiyo iliyopo kati ya kikosi ambacho kila mtu ajua silaha yake tu, na kikosi ambacho kila mtu aweza kushika silaha ya mwenzake anapoanguka.

Japani iliingia katika mashindano ya dunia ya wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1960, huko Brazili, ikiwa na Daimatsu kama kocha. Ilikuwa ya pili. Walioshinda walikuwa Warusi wa Umoja wa Kisovieti, ambao walikuwa wameutwaa ubingwa huo tangu ulipoanzishwa mwaka 1952. Kwa timu ngeni, nafasi ya pili ilikuwa heshima kubwa. Daimatsu hakuiona hivyo. Aliona wazi kwamba Warusi walikuwa warefu na wenye nguvu zaidi, na kwamba mapigo yao kutoka juu ya wavu hayawezi kuzuiwa kwa kimo ambacho Wajapani hawana. Hapo ndipo alipofanya kazi ya jemadari wa kweli. Hakuwaomba wasichana wake wawe warefu. Alitafuta vita ambavyo kimo hakina kazi.

Jibu lake la kwanza lilikuwa katika ardhi. Ikiwa mpira hauwezi kuzuiwa juu, basi usiachwe ufike chini. Aliwafundisha wachezaji kujitupa upande, kuupiga mpira kwa mkono mmoja kabla haujagusa sakafu, kubingirika juu ya bega na kusimama tena palepale tayari kwa mpira unaofuata. Yasemekana wazo hilo lilitokana na kile kisanamu cha kuchezea cha Kijapani ambacho chini yake ni pazito, nacho kila kikisukumwa kikaanguka huinuka chenyewe. Askari wa miavuli waijua kanuni hiyo: mwili unaopokea pigo kwa kubingirika hauvunjiki, na anayebingirika vyema huamka akiwa na silaha mkononi. Siri haikuwa katika kujitupa, maana kila mtu aweza kujitupa. Siri ilikuwa katika kuinuka upesi, ili mchezaji asiwe pengo katika safu ya wenzake.

Jibu lake la pili lilikuwa katika mpira wa kuanzia. Wachezaji wake walijifunza kuupiga bila kuuzungusha, hata ukapaa polepole, ukayumba hewani, kisha ukaanguka ghafula kama jani la mti. Mpokeaji alijiandaa mahali pamoja, mpira ukashukia pengine.

Mambo hayo mawili yaweza kuelezwa kwa dakika moja. Kuyafanya yawe tabia ya mwili, yafanyike bila kufikiri, mtu akiwa amechoka na pointi ni 13 kwa 13, kulitaka maelfu kwa maelfu ya marudio. Ndiyo sababu ya usiku wa manane. Daimatsu alisimama juu ya meza au upande wa pili wa wavu, akawapiga mipira mmoja baada ya mwingine, kulia, kushoto, mbele, nyuma, mpaka msichana akashindwa kuinuka. Kisha akampiga mwingine. Waandishi wa Japani walimpa jina la Daimatsu Zimwi. Jarida moja la Marekani lililotuma mwandishi wake mwaka 1964 liliyaeleza mazoezi hayo kama jambo linalovuka mpaka wa utu wa mwanadamu.

Wachawi wa Mashariki

Mwaka 1961 timu ilizunguka Ulaya na kushinda kila ilikokwenda. Magazeti ya Kisovieti yalishangaa jinsi wasichana wafupi walivyoiokoa mipira isiyookoleka, yakawaita Wachawi wa Mashariki. Kwetu jina kama hilo lingekuwa tusi la kupelekana mahakamani. Kwa Wajapani lilikuja kuwa nishani.

Mwezi Oktoba 1962 mashindano ya dunia yalifanyika Moscow, nyumbani kwa mabingwa wenyewe. Japani iliwashinda Warusi mbele ya watu wao, ikautwaa ubingwa wa dunia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Umoja wa Kisovieti kuukosa.

Baada ya hapo Daimatsu na wachezaji wake walitaka kupumzika. Kapteni wa timu, Masae Kasai, alikuwa anakaribia miaka 30, na kwa desturi za Japani ya wakati ule msichana wa umri huo alikuwa amekwisha kuchelewa kuolewa. Wenzake kadhaa walikuwa katika hali hiyohiyo. Walikuwa wameyatoa maisha yao ya ujana kwa mpira, na lengo walilojiwekea lilikuwa limefikiwa. Lakini michezo ya Olimpiki ya 1964 ilikuwa inakuja Tokyo, na mpira wa wavu ulikuwa umeingizwa kwa mara ya kwanza. Kwa wanawake ndio uliokuwa mchezo wa kwanza wa timu katika historia ya Olimpiki. Barua zilimiminika kutoka kila pembe ya nchi zikiwasihi wasiache. Wachezaji wenyewe walikutana na kuzungumza, na mwanzoni mwa 1963 wengi wao waliamua kubaki, na kocha wao akabaki pamoja nao.

Uamuzi huo ni wa kuangaliwa kwa makini na kila amhukumuye Daimatsu. Hapana sheria iliyowafunga wasichana hao, wala mkataba wa dhahabu, wala gereza. Mlango ulikuwa wazi, na sababu ya kutoka walikuwa nayo, tena ya heshima. Waliochagua kubaki walijua vyema wanachokichagua, kwa kuwa walikuwa wamekwisha kukionja kwa miaka mingi. Hata hivyo, ukweli mwingine lazima usemwe: taifa zima likiwa limekutolea macho, uhuru wa kusema hapana huwa mwembamba. Huu nao ni uzito unaojulikana na kila askari aliyewahi kujitolea mbele ya wenzake.

Tarehe 23 Oktoba 1964

Timu sita zilishiriki Tokyo: Japani, Umoja wa Kisovieti, Poland, Romania, Marekani na Korea Kusini, na kila moja ilicheza na nyingine zote. Kati ya wachezaji 12 wa Japani, 10 walitoka katika timu ya Kaizuka. Waliwafunga Wamarekani, Waromania na Wakorea bila ya kupoteza seti. Kwa Wapoland walipoteza moja, nayo ndiyo pekee waliyoipoteza katika mashindano yote. Mchezo wa mwisho uliwakutanisha na Warusi, ambao nao walikuwa hawajafungwa. Atakayeshinda ndiye bingwa.

Ulichezwa usiku wa tarehe 23 Oktoba katika ukumbi wa Komazawa. Katika eneo la Tokyo, asilimia 66.8 ya televisheni zilikuwa zikiuonyesha mchezo huo, na mpaka leo idadi hiyo hutajwa kama mojawapo ya kubwa kabisa katika historia ya televisheni ya nchi hiyo. Seti ya kwanza Japani ilishinda 15 kwa 11. Ya pili, 15 kwa 8. Katika ya tatu Wajapani walifika pointi 14 mapema, wakabakiwa na moja tu, na hiyo moja ikakataa kuja. Warusi walipanda pointi baada ya pointi mpaka wakafika 13. Timu nyingine ingetetemeka. Wasichana wa Kaizuka waliendelea kufanya walichokifanya kila usiku kwa miaka kumi, mpaka mchezaji wa Kirusi alipopitisha mkono juu ya wavu, refa akapuliza kipenga, na mchezo ukaisha 15 kwa 13.

Wachezaji walikumbatiana wakilia. Katika filamu rasmi ya michezo hiyo, iliyotengenezwa na Kon Ichikawa, Daimatsu aonekana kando ya shangwe hiyo akiwa peke yake, kama mtu aliyekwisha kuitua mizigo asijue la kufanya na mikono yake.

Baada ya ushindi

Daimatsu aliacha kazi Nichibo baada ya Olimpiki. Kitabu alichokiandika mwaka 1963, ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Nifuateni, kilinunuliwa kwa wingi sana, na mwaka 1965 kikafanywa filamu. Jina hilo ni amri ya afisa wa mstari wa mbele. Afisa wa nyuma husema nendeni. Tofauti kati ya maneno hayo mawili ndiyo tofauti kati ya Daimatsu katika ukumbi wa Kaizuka na majenerali waliomtuma Imphal.

Aliyejitwika jukumu la wasichana wake uwanjani hakulitua nje ya uwanja. Alijua kwamba miaka waliyoitoa ilikuwa imewapunguzia nafasi ya kuolewa, naye akawahangaikia. Kwa ajili ya kapteni Kasai habari ilifika kwa Waziri Mkuu Eisaku Sato mwenyewe, ambaye alimtambulisha binti huyo kwa afisa wa Jeshi la Kujihami la Japani. Waliooana mwaka 1965. Kasai aliishi muda mrefu, akaendelea kufundisha mpira wa wavu, na alifariki mwaka 2013.

Mwezi Aprili 1965 Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alimwalika Daimatsu aende kuwafundisha wachezaji wa kike wa China. Nchi hizo mbili hazikuwa na uhusiano wa kibalozi, na jeshi la Japani lilikuwa limeivamia China kwa miaka minane, kutoka 1937 hadi 1945, likaacha makovu yasiyosahaulika. Daimatsu alikwenda Shanghai, akakaa wapata mwezi mmoja, akawafundisha Wachina kwa ukali uleule aliowafundishia Wajapani, bila ya kuficha ujuzi wowote. Mbegu hiyo haikuoza. Miaka ya 1980 wanawake wa China, chini ya kocha Yuan Weimin, walikuja kuwa mabingwa wa dunia mwaka 1982 na wa Olimpiki mwaka 1984. Mtu aliyekuwa askari wa jeshi la uvamizi aliurudia upande ule wa bahari akiwa na mpira mkononi, na hiyo ni fidia ambayo ni askari wachache waliojaliwa kuitoa.

Mwaka 1968 alichaguliwa kuingia katika baraza la juu la bunge la Japani kwa tiketi ya chama cha Liberal Democratic. Alikaa kipindi kimoja, na mwaka 1974 akashindwa katika uchaguzi. Akarudi kwenye kazi aliyoijua, kufundisha. Tarehe 24 Novemba 1978, akiwa mjini Ibara katika mkoa wa Okayama, moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 57. Mwaka 2000 jina lake liliingizwa katika jumba la mashujaa wa mpira wa wavu huko Holyoke, Marekani, mji ambao mchezo huo ulibuniwa na William Morgan mwaka 1895.

Hukumu ya historia

Je, tumsifu au tumlaumu? Jibu la haraka litakuwa la uongo kwa upande wowote.

Wanaomlaumu wana hoja nzito. Mazoezi ya usiku kucha, vidole vilivyovunjika, wasichana waliopigwa mipira mpaka wakashindwa kusimama, hayo hayawezi kuandikwa leo katika kitabu cha ukocha. Tena ubaya wake ulizidi baada yake. Makocha wengi wa Japani waliokuja nyuma waliona ukali wake na medali yake, wakadhani ukali ndio ulioleta medali. Waliiga makelele, hawakuiga akili. Mwaka 2013 Japani ilitikisika ilipofahamika kwamba wachezaji 15 wa kike wa judo walikuwa wameshitaki kupigwa na kudhalilishwa katika mazoezi ya timu ya taifa, na kocha wao akajiuzulu. Ugonjwa huo ulikuwa umekaa katika michezo ya nchi hiyo kwa muda mrefu, na wako wanaosema kwamba sifa alizopewa Daimatsu zilisaidia kuulea.

Wanaomsifu nao wana hoja zao. Kwanza, hakudai kwa wachezaji saa moja ambayo yeye mwenyewe hakuwapo. Walipofanya kazi mchana alifanya kazi mchana. Walipokesha alikesha, na kila mpira waliopigiwa ulitoka mkononi mwake. Pili, kila ugumu ulikuwa na sababu iliyoweza kuelezwa. Kubingirika kulikuwa ni dawa ya kimo. Marudio yalikuwa ni dawa ya hofu. Hakuwachosha ili awaonyeshe kwamba ana mamlaka. Tatu, wale aliowaongoza ndio waliomtetea. Wachezaji wa timu ile, wakiwa wanawake wazima na baadaye wazee, walisema mara nyingi kwamba hawakuburutwa, na wengine wao walilirudia jambo hilo katika filamu iliyotengenezwa na Wafaransa mwaka 2021, kocha wao akiwa kaburini kwa zaidi ya miaka 40.

Kwa mtu aliyevaa sare, mizani hii ina maana kubwa kuliko mpira. Katika jeshi na polisi ugumu hauepukiki. Kuruta asiyetoka jasho uwanjani atatoka damu kazini, na mkubwa anayewahurumia askari wake wakati wa mafunzo huwatupa wakati wa hatari. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Lakini kuna ugumu wa aina mbili, nao kwa mbali hufanana. Mmoja ni ule wa Imphal, ambako mkubwa alikaa mbali, hakuhesabu mchele wala dawa, akatoa amri ambazo hazikuwa na hesabu nyuma yake, na alipoambiwa ukweli akawafukuza waliomwambia. Wa pili ni ule wa Kaizuka, ambako mkubwa alitazama kwanza adui ni nani na watu wake wana nini, akabuni njia, akaieleza, kisha akaitembea mwenyewe mbele ya wote. Ugumu wa kwanza uliwaua maelfu na haukuteka hata mji mmoja. Wa pili uliwashinda watu waliokuwa na kila sababu ya kushinda.

Daimatsu alikuwa ameuonja ule wa kwanza akiwa chini yake, kabla ya kuujenga wa pili akiwa juu yake. Hakuepuka kosa kila mara. Yapo mambo aliyoyafanya ambayo mwalimu wa leo hapaswi kuyafanya, na mkuu wa mafunzo atakayetaka kumwiga na aanze na ule mwanzo wenyewe: awe wa kwanza kuingia uwanjani na wa mwisho kutoka, ajue kwa nini kila zoezi limewekwa, na awajali watu wake hata siku ile ambayo hawamletei tena ushindi. Asiyeweza hayo hana haki ya kukopa ukali wa Daimatsu, kwa sababu atakuwa amechukua fimbo ya mzee akaacha hekima yake.